Nitaandikaje wasifu wa mwandishi wa mkoani ambaye jina lake halikutokea gazetini?

Mpwa wa Njoro, Moshi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki dunia mwaka jana akiwa na umri wa miaka 77. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mwandishi wa habari hapa Moshi, kwanza akiliandikia gazeti moja la Dar es Salaam na baadaye magazeti mawili matatu kwa wakati mmoja, bila kuajiriwa na lolote kati ya hayo. Katikati ya kazi hiyo aliandika riwaya moja fupi iliyochapishwa mwaka 1986, na akaacha muswada wa historia ya kijiji chetu huko Kibosho ambao haukupata mchapishaji. Ukoo umekubaliana kwamba siku ya kumbukumbu yake, mwezi wa nane, tutoe kijitabu cha maisha na kazi zake, na kwa sababu mimi ndiye niliyesomea ualimu wa Kiswahili, mzigo umetua kwangu.

Nimefungua sanduku lake la bati. Ndani yake nimekuta madaftari 38, bahasha za negativu, barua za wahariri, nakala za kaboni za habari alizochapa kwa mashine, na leja kubwa ya duka ambamo alikuwa akibandika vipande vya magazeti kwa gundi ya unga. Vipande hivyo nimevihesabu vikapita 200, lakini vyenye jina lake havifiki 30. Vingine karibu vyote vimeandikwa "Na Mwandishi Wetu, Moshi" na kuishia hapo. Mama anasisitiza kwamba vyote ni kazi ya kaka yake, ila mimi nimekwama kwenye kipande kimoja cha mwaka 1983 ambacho kimewekewa tarehe ya wiki ile ile ambayo daftari linaonyesha kuwa mjomba alikuwa amelazwa hospitali. Kama kimoja si chake, je, vingine nitavithibitishaje?

Kuna mambo mengine mawili yanayonisumbua. Kwanza, karibu nusu ya kurasa za madaftari ziko katika hati mkato, yaani alama za kuandikia maneno kwa haraka, na nyumbani hakuna anayeweza kuisoma. Pili, kila daftari, ukurasa wa mwisho, lina safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula: upande mmoja jina la shughuli, kama vile uzinduzi wa kisima au semina ya ushirika, na upande wa pili kiasi cha fedha na neno "nauli". Nadhani wote tunaelewa hiyo ni nini: bahasha ambayo mwandishi hupewa na wenye shughuli. Wajomba wengine wanataka kurasa hizo nizifumbie macho, na mmoja amependekeza zichomwe kabisa. Naomba mawazo ya watu waliofanya kazi hii.

Kalamu ya Zamani, Arusha

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Nilikuwa mwandishi wa mkoani kuanzia mwaka 1977, hapa Arusha na kwa muda mfupi Singida, kwa hiyo nitakueleza kilichomo ndani ya hiyo leja, maana naona familia imeichukua kuwa albamu ya kumbukumbu.

Sisi tulikuwa tunalipwa kwa habari iliyochapishwa, na hatukulipwa kwa habari iliyotumwa. Ungeweza kutuma kumi, zikatoka tatu, ukalipwa tatu. Mwisho wa mwezi ulitakiwa kupeleka madai yako makao makuu, na uthibitisho wa madai hayo ulikuwa kipande chenyewe cha gazeti au orodha ya vichwa vya habari na tarehe zake. Mwandishi mwangalifu alinunua nakala mbili, moja aitume na nyingine abaki nayo ili wasije wakamruka. Kwa hiyo leja ya mjomba wako ni kitabu cha hesabu zake. Itazame tena pembezoni mwa vipande: kama kuna alama ya vyema, namba au rangi tofauti ya wino, hiyo ndiyo alama ya kulipwa, na habari aliyolipwa yeye ni habari aliyoiandika yeye. Ulinganishe alama hizo na hati za malipo, kama zimo sandukuni.

Sasa nije kwenye "Na Mwandishi Wetu". Vijana wa leo wanadhani lilikuwa jambo la kumdhulumu mtu sifa, na kwa sehemu ni kweli, kwa sababu majina mara nyingi yaliwekwa ya waajiriwa wa chumba cha habari na sisi wa mikoani tukaunganishwa wote kuwa mtu mmoja asiye na uso. Lakini zipo habari ambazo sisi wenyewe tuliomba jina lisitokee. Mhariri aliyekaa Dar es Salaam hakukutana na mkuu wa wilaya sokoni Jumamosi. Wewe ulikutana naye, na mkeo alikuwa mwalimu chini ya afisa elimu uliyemwandika jana, na mtoto wako alikuwa anasubiri uhamisho wa shule. Ukiona habari nzito ya upotevu wa fedha za ushirika haina jina, na habari ya mashindano ya ngoma ya wiki hiyo hiyo ina jina lake kamili, usishangae.

Kuhusu kipande cha mwaka 1983, usikitupe haraka. Habari zetu zilikuwa zinalala. Ulikwenda posta, ukaomba laini ya Dar es Salaam, ukasubiri saa nzima au zaidi, kisha ukamsomea mpokeaji neno kwa neno huku ukimtajia majina herufi kwa herufi, na foleni nzima nyuma yako inakusikiliza. Kama haikuwa habari ya kuchacha, uliichapa kwa mashine na kuipeleka kwa basi. Filamu ya picha ndiyo kabisa haikuwa na njia nyingine: uliifunga kwenye bahasha, ukaandika jina la gazeti kwa herufi kubwa, ukamkabidhi kondakta na chochote kitu, na kule tarishi akaipokea stendi, kama hakuchelewa. Ikifika, mhariri angeweza kuiweka siku tatu, nne, hata wiki, akisubiri nafasi. Zaidi ya hapo, gazeti lenyewe liliweza kutufikia huku siku moja au mbili baada ya kuchapishwa. Kama tarehe iliyopo juu ya kipande imeandikwa kwa mkono wa mjomba wako, inawezekana ni tarehe aliyolipokea. Tafuta nakala ya kaboni ya habari hiyo na utazame siku aliyoichapa.

Jambo moja zaidi. Tafuta daftari la Machi 1979. Kuanzia tarehe 24 hadi 26 mwezi huo, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana hapo Moshi, wakati majeshi yetu yakiwa tayari ndani ya Uganda, na hapo ndipo ulipozaliwa umoja wao wa kumng'oa Idi Amin, UNLF, na Yusuf Lule akachaguliwa kuuongoza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Lule akawa rais, akadumu siku 68. Kwa mwandishi wa Moshi, hiyo ilikuwa habari ya dunia nzima iliyokuja kubisha hodi mlangoni kwake. Kama mjomba wako alikuwa kazini mwezi ule, lazima ameandika kitu.

Mkutubi Mstaafu

Naongezea upande wa makusanyo. Majalada ya magazeti ya zamani yapo kwenye sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo ilifunguliwa Desemba 1967. Usiende na ombi la jumla la "habari za Moshi", kwa sababu utakaa mwezi mzima. Nenda na orodha yenye jina la gazeti, mwezi, na kichwa cha habari kama kilivyo kwenye kipande, kisha utafute ndani ya siku kumi kabla ya tarehe iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi za miaka ya 1970 na 1980 zinavunjika kama papadi, hivyo omba ruhusa ya kupiga picha ukurasa mzima badala ya kutoa kivuli.

Uwe makini na majina ya magazeti. Standard ilitaifishwa Februari 1970, na mwezi wa nne mwaka 1972 ikaunganishwa na Nationalist kuwa Daily News. Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, halikupita mwaka 1976. Mtu akikwambia mjomba wako aliandikia Ngurumo mwaka 1980, kumbukumbu imemchanganya.

Hati mkato isikutishe. Wapo akina mama wengi wastaafu waliopita Chuo cha Uhazili Tabora ambao waliiandika kila siku ya kazi kwa miaka 30. Uliza kwenye ofisi yoyote ya zamani ya mkoa au ya ushirika hapo mjini. Ila mwandishi wa habari huwa na vifupisho vyake binafsi, kwa hiyo mpe msomaji wako pia ukurasa ambao unao tayari kwa maandishi ya kawaida, ili ajifunze mkono wa mjomba wako kabla ya kuanza.

Sauti ya Ngarenaro, Arusha

Mimi nimefanya kazi hii kizazi kimoja baada ya mjomba wako, na ningependa kusema kuhusu zile kurasa za mwisho.

Usizichome na usiziruke. Nitakupa mfano wangu mwenyewe ili uone kwa nini. Tarehe 3 Desemba 2003 nilikuwa kwenye ukumbi wa watazamaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, nyuma ya kioo, nikiwa na vifaa vya kusikilizia tafsiri masikioni. Siku hiyo waliohukumiwa walikuwa watu wa fani yetu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliohusika na RTLM, kituo cha redio kilichochochea mauaji ya kimbari, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35, na baadaye, Novemba 2007, rufaa ikapunguza adhabu zao hadi miaka 30 kwa Nahimana, 35 kwa Ngeze na 32 kwa Barayagwiza. Nakumbuka niliandika mpaka mkono ukafa ganzi, kwa sababu nilijua kuwa siku kama hiyo hairudi: waandishi wanasikiliza waandishi wakihukumiwa kwa yale waliyoyaandika na kuyatangaza.

Nilituma habari yangu kwa faksi, maneno karibu 800. Kesho yake gazeti nililokuwa nikiliandikia lilichapisha habari ya shirika la habari la nje, yenye maneno 300, iliyotafsiriwa Dar es Salaam. Yangu haikutoka, kwa hiyo sikulipwa hata senti, na gharama ya faksi ilikuwa yangu. Wenzangu waliotumwa na mashirika makubwa walikuwa wanalala hoteli nzuri, nami nilirudi Ngarenaro kwa mguu. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye semina ya halmashauri moja, nikapewa bahasha ya nauli, nikaichukua, na habari ya semina hiyo ikatoka ukurasa wa tatu ikiwa na jina langu.

Sisemi hivyo ili kuitetea bahasha. Iliharibu habari nyingi, na ninajua habari ambazo sikuzigusa kwa sababu nilikuwa nimeshakula kwa mtu. Lakini ukiandika kwamba mjomba wako alikuwa mwandishi kwa miaka 30 bila mshahara, akasomesha watoto, halafu usiseme fedha zilitoka wapi, msomaji yeyote wa fani hii atafunga kijitabu chako hapo hapo. Weka safu mbili sambamba: alicholipwa na magazeti kwa mwaka, na alichopewa kama nauli kwa mwaka huo huo. Mtu kuiandika bahasha kwa rula, tena kila mwaka, ni jambo geni sana kwangu. Wengi wetu tulihakikisha hakuna mahali palipoandikwa. Mimi ningependa kujua kwa nini aliandika.

Kalamu ya Zamani, Arusha

Binti yangu wa Ngarenaro nakuheshimu, lakini hapo tunaachana. Kijitabu kitagawiwa kwenye kumbukumbu ya marehemu, nyumbani kwake, mbele ya wajane, majirani na pengine watoto wa hao hao waliotoa bahasha. Kwetu mtu hafunguliwi hesabu siku ya kumbukumbu yake. Mimi ningeshauri madaftari yahifadhiwe yote, yapelekwe maktaba au chuo chenye idara ya uandishi wa habari, na mtafiti atakayekuja ayasome. Kijitabu cha ukoo kieleze kazi.

Sauti ya Ngarenaro, Arusha

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na majina ya waliotoa hata mimi ningeyaacha nje. Ila kiasi na mwaka vibaki. Hiyo nayo ni kazi yake.

Mchapaji wa Sakina

Nijibu kwa ufupi ambayo hayajaguswa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo riwaya na muswada wa Kibosho viko mikononi mwa warithi, mradi mkataba wa mwaka 1986 haukumpa mchapishaji haki zote. Utafuteni huo mkataba kwanza. Kwa habari zilizotoka gazetini, andikeni barua ya kuomba ruhusa hata kama ni za mjomba wenu, hasa mkitaka kutoa picha ya ukurasa. Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Nakala 200 za kurasa 64, jalada la rangi moja, ni kazi ya siku chache tu. Kinachochelewesha siku zote ni ukoo kukubaliana picha ya jalada.

Kuhusu riwaya, usiiweke pembeni kama kiburudisho cha mwandishi wa habari. Miaka ile riwaya za upelelezi zilikuwa zinasomwa mpaka zinachanika, na Ben Mtobwa, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikuwa naye mtu wa magazeti na wa Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya zake, kwa wakati mmoja. Soma riwaya ya mjomba wako ukiwa na madaftari mezani. Mara nyingi habari ambayo gazeti lilikataa huingia humo ikiwa imebadilishiwa jina la mji.

Mpwa wa Njoro, Moshi

Nawashukuru sana wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mzee wa Arusha, umepatia. Pembeni mwa vipande kuna alama ndogo ya vyema kwa wino mwekundu, ambayo sikuwa nimeijali kwa kuwa nilidhani ni ya masahihisho. Kati ya vipande visivyo na jina lake, 171 vina alama hiyo. Cha mwaka 1983 ni kimojawapo, na nakala yake ya kaboni nimeipata, imechapwa siku nne kabla ya kulazwa. Vipande tisa vilivyobaki, visivyo na alama, nimeviweka kando. Viwili kati ya hivyo nimegundua kwa barua ya mhariri kwamba viliandikwa na mwandishi aliyetumwa kutoka makao makuu, na mjomba alimsindikiza tu kumwonyesha njia. Mama hajafurahi, ila amekubali.

Riwaya nimeisoma upya. Kuna karani wa ghala la kahawa anayepotea kwenye sura ya tatu, katika mji wa pwani usiotajwa jina. Kwenye daftari la mwaka 1982 karani huyo yupo, ghala lipo, na mji ni huu huu. Nakala ya kaboni ya habari hiyo ipo, kipande hakipo.

Kuhusu bahasha nimeamua hivi: jumla ya kila mwaka itachapishwa pamoja na malipo ya magazeti, bila majina ya waliotoa, na madaftari yenyewe yatapelekwa maktaba baada ya kumbukumbu. Yule mjomba mwingine aliyetaka kurasa zichomwe ameomba asitajwe kwenye shukrani, nami nimemkubalia.

Hati mkato imepata msomaji, mama mmoja mstaafu wa Tabora anayeishi Kiboriloni. Nilimpelekea kwanza daftari la Machi 1979, kwa hamu ya kujua mjomba aliandika nini kuhusu Lule. Alilishika karibu na dirisha, akasoma kimya kwa muda, akacheka, kisha akanitajia niandike. Ukurasa wa tarehe 25 unasema hivi: "Tumekaa nje tangu asubuhi. Hakuna anayetoka kusema neno. Mwandishi wa Nairobi ana redio na chai ya chupa. Nimekopa shilingi tano za simu. Kama wakimaliza baada ya saa kumi na moja posta itakuwa imefungwa." Ukurasa unaofuata una majina ya wajumbe, na yako kwa maandishi ya kawaida, herufi kubwa, kila jina na mstari wake. Mama wa Kiboriloni anasema hivyo ndivyo anavyoandika mtu anayejiandaa kuyasoma kwenye simu.